Baada ya Kushiba, Atalala Wapi?

Desemba ikikaribia, makanisa ya mijini huwa na pilikapilika. Kwaya zinafanya mazoezi, akina mama wa usharika wanachanga mchele na mafuta, vijana wa parokia wanakusanya mitumba, na siku moja au mbili kabla ya Krismasi masufuria ya pilau yanapakiwa kwenye pikapu kuelekea stendi ya mabasi, sokoni, au chini ya daraja ambako kila mtu anajua kuna watu wanaolala nje. Watu hao wanapanga foleni, wanaombewa, wanakula, wanapigwa picha. Jioni pikapu inarudi kanisani na masufuria matupu. Sina ugomvi na pilau hiyo. Mwenye njaa akishiba, jema limetendeka, na mara nyingi anayebeza hajachanga hata kilo moja ya mchele. Lakini makanisa yamekuwa katika kazi hii mijini kwetu kwa zaidi ya miaka hamsini sasa, na huo ni muda wa kutosha kuuliza ni msaada gani hasa unaomtoa mtu mtaani, na upi unaomwacha pale pale akiwa ameshiba. Ushahidi uliopo, wa hapa kwetu na wa mbali, unaelekea upande mmoja. Kinachomtoa ni mlango wa kuingia na watu wanaomjua kwa jina. Vitu hivyo viwili makanisa ya Afrika Mashariki na Kongo yanaweza kuvitoa kuliko karibu taasisi nyingine yoyote, ila uwezo huo yanautumia kidogo mno.

Tuanze na watu wenyewe. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa Kenya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi. Wamo watoto, lakini wamo pia akina mama wenye wachanga mgongoni, na wanaume wazima waliofika mtaani wakiwa bado hawajajua kusoma. Nairobi wanaitwa machokoraa, Goma na Bukavu maibobo, Kinshasa shege. Siku yao ina ratiba kuliko anavyodhani mpita njia. Alfajiri, kabla magari ya taka hayajapita, wanachambua majalala kutafuta chupa za plastiki na vyuma chakavu vya kwenda kupimwa kwa kilo. Mchana ni kubeba mizigo sokoni, kuosha vioo vya magari, kuomba. Usiku ni maskani, pengine kibaraza cha duka au mtaro uliokauka, ambako wakubwa wanawalinda wadogo na wakati huo huo wanawatoza. Kwa walioizoea, chupa ndogo ya gundi ya viatu, inayobanwa kwa meno ili mikono ibaki huru kufanya kazi, hutuliza njaa na baridi kwa muda.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto wa mtaani ni mtoro, mkorofi aliyewashinda wazazi. Mwaka 2016 kundi la watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi 24 kuhusu sababu zinazotolewa na watoto na vijana wenyewe. Umaskini ulitajwa na takriban asilimia 39, ugomvi wa kifamilia asilimia 32, kunyanyaswa asilimia 26. Ukorofi na uvunjaji wa sheria ulikuwa chini kabisa, kama asilimia 10. Maana yake ni kwamba habari ya mtoto huyu ilianzia nyumbani, mara nyingi katika kijiji au mtaa wa mabanda ambako baba alifariki, mama akaolewa na mwanamume asiyemtaka, ada ikakosekana, bibi akazeeka. Msaada unaomkuta stendi na kuishia stendi haujafika penye kidonda.

Walioligundua hili mapema walikuwa watu wa kanisa. Mwaka 1973 padri Mholanzi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, Arnold Grol, alianza kuzungumza na wavulana waliokuwa wakiwaonyesha madereva nafasi za kuegesha magari katikati ya Nairobi ili wapate sarafu. Kutokana na urafiki huo likazaliwa shirika la Undugu. Mwanzoni mawazo yalikuwa yale ambayo yeyote kati yetu angekuwa nayo: mtoe kijana barabarani, mpe kitanda, msomeshe. Kazi ilivyokua, waliona kwamba akiondoka mmoja anakuja mwingine kutoka mitaa ile ile ya mabanda, kama mtu anayekausha maji sakafuni huku bomba limeachwa wazi. Undugu haikufunga nyumba zake, lakini nguvu kubwa ikahamia Mathare, Pumwani na Kibera. Ilianzisha shule zisizo rasmi ambazo zilifundisha masomo ya msingi kwa muda mfupi kuliko shule za kawaida na kumalizia na ufundi, ikawaweka vijana chini ya mafundi wa jua kali waliokuwa tayari na karakana na wateja. Fundi wa mabati pale mtaani hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa na nyundo, oda za masanduku na karai, na jirani zake walimjua, na kwa kijana anayetaka kurudi kuwa mtu wa mtaa wake hilo lilikuwa na thamani kuliko bweni safi la mbali.

Wazo hilo lina mizizi mirefu. Katika miaka ya 1840 mji wa Turin, kaskazini mwa Italia, ulikuwa umejaa vijana waliotoka vijijini kutafuta vibarua vya ujenzi, na gereza la vijana lilikuwa limejaa vile vile. Padri Yohane Bosco, yule tunayemwita Don Bosco, anakumbukwa kwa michezo, nyimbo na nyumba yake ya Valdocco. Kisichosimuliwa sana ni makaratasi yake. Kuanzia mwaka 1851 na 1852 aliandikisha mikataba ya uanagenzi kati ya mafundi na vijana, juu ya karatasi yenye muhuri wa serikali, na yeye mwenyewe akatia saini. Fundi aliahidi kumfundisha kijana kazi yenyewe, asimgeuze mtumishi wa nyumbani. Kumsahihisha kwa maneno bila kumpiga. Kumpa mapumziko siku ya Bwana. Na kumlipa ujira unaopanda kadiri anavyojifunza. Naye kijana aliahidi utii na bidii, padri akiwa shahidi na mdhamini. Ukiusoma kwa macho ya leo, mkataba huo ni kazi ya afisa wa kazi, afisa ustawi wa jamii na mzazi kwa pamoja. Huyu alikuwa mtakatifu aliyejua kwamba kijana bila karatasi mkononi hana pa kushitakia.

Na hapa ndipo hoja yenyewe ilipo. Mashirika ya misaada yanaweza kujenga vituo, na serikali inaweza kutunga sheria. Kumfuatilia mtoto hadi kwao ni jambo jingine. Mwaka ule ule wa 1973 ambao Undugu ilianza, maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu, kupitia chombo chao cha AMECEA, walichagua jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya kanisa, na mwaka 1976 wakauthibitisha uamuzi huo. Leo jumuiya hizo zinakutana kila wiki katika nyumba za watu, mijini na vijijini. Walutheri na Waanglikana wana sharika na mitaa yao, Wapentekoste wana vikundi vya nyumbani, Jeshi la Wokovu, ambalo liko Kenya tangu mwaka 1921, lina vikosi hadi mashambani. Mvulana anayelala nje ya duka Nairobi huenda ametoka katika kijiji chenye kigango, na katika kigango hicho yuko katekista anayemjua shangazi yake. Hakuna wizara wala shirika la kigeni lenye mtandao wa namna hiyo, wenye watu wanaojitolea bila posho. Wala mtandao wa namna hii si wa Wakristo peke yao: misikiti na madrasa inayo ya kwao, na mtoto wa Kiislamu anayerudi Kilifi au Tanga anahitaji mtu wa msikiti wa kwao ajue kwamba amerudi.

Tazama kurudi nyumbani kunavyohitaji kazi, ili ieleweke kwa nini mtandao ni muhimu kuliko jengo. Mtoto hasemi ukweli siku ya kwanza; jina la kijiji analotaja mara nyingi ni la uongo, kwa sababu anaogopa kupelekwa kwa aliyekuwa akimpiga. Zinapita wiki, pengine miezi, za kukaa naye bila kumhoji. Akishasema, mtu lazima afunge safari kwenda kutazama kabla mtoto hajapelekwa: nani yuko nyumbani, anakula nini, yule mjomba mlevi bado yupo? Chifu au mwenyekiti wa kijiji ahusishwe, afisa wa watoto ahusishwe, mwalimu mkuu akubali kumpokea kijana wa miaka 13 katika darasa la watoto wa miaka minane bila kumdhalilisha. Ndipo mtoto anapelekwa. Na hapo, ambapo ripoti nyingi zinaishia kwa picha ya mama anayelia kwa furaha, ndipo hatari inapoanza. Miezi ya kwanza mtoto hukosa uhuru wa mjini, hukosa pesa yake ndogo ya kila siku, huitwa chokoraa na wenzake. Sare ikichanika au unga ukiisha, anapanda lori usiku. Wa kumzuia asipande ni mtu wa karibu anayepita pale Jumatano na Jumapili, anayegundua mapema kwamba unga umeisha. Mfanyakazi wa kituo cha Nairobi mwenye watoto wengi wa kufuatilia hawezi kupita Jumatano. Jumuiya inaweza.

Msomaji makini atapinga mara moja: na wale waliokimbia kipigo je, au zaidi ya kipigo? Pingamizi hili ni zito, na kwa kanisa linauma kwa sababu ya pekee. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa mitaani wa Kongo ikieleza jinsi watoto walivyofukuzwa nyumbani kwa kutuhumiwa uchawi, na jinsi baadhi ya wachungaji wa makanisa ya uamsho walivyothibitisha tuhuma hizo na kuendesha ibada za kuwatoa pepo, zikiambatana na kuwanyima chakula na kuwapiga. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Kongo ya mwaka 2009 inaadhibu tuhuma za namna hiyo. Kwa hiyo haitoshi kusema kanisa linasaidia watoto wa mitaani. Kuna madhabahu ambazo zimewazalisha. Mji wa Lubumbashi, huko huko Kongo, una wachungaji wa aina hiyo, na una pia Wasalesiani wa Don Bosco, waliopo tangu mwaka 1911, ambao nyumba zao za Bakanja hupokea watoto wa mitaani, huwasomesha na kutafuta ndugu zao. Mtoto aliyeitwa mchawi harudishwi kwa aliyemwita hivyo. Anatafutiwa shangazi, babu, au familia nyingine iliyo tayari kumlea chini ya uangalizi wa serikali, na viongozi wa dini wa eneo lile wanakwenda kusema hadharani kwamba mtoto huyu hana uchawi wowote. Neno hilo likitoka kwa polisi halina nguvu. Kwa padri, mchungaji au shehe wa pale pale, linasikika. Hata pale nyumba ya kwanza isipofaa, tunarudi kwenye haja ile ile ya mlango mwingine na watu wa kumjua.

Kwa walio wakubwa, mlango huo huwa chumba. Kwa miaka mingi makanisa ya Ulaya na Marekani yaliamini kwamba mtu asiye na makazi lazima kwanza aache pombe, atulie, atafute kazi, ndipo astahili nyumba. William Booth, aliyeanzisha Jeshi la Wokovu mashariki mwa London mwaka 1865, alifungua malazi ya usiku ambako maskini walilipa senti chache na kulala katika vitanda mfano wa masanduku, safu kwa safu. Kwa zama zake ilikuwa rehema kubwa kuliko barabara. Lakini malazi ya usiku yana tabia ya kudumu: mtu anaingia jioni, anatolewa asubuhi, na mwaka unapita. Huko Helsinki, Jeshi hilo hilo la Wokovu lilikuwa na hosteli kubwa katika mtaa wa Alppikatu. Ufini ilipoanza mwaka 2008 sera ya kumpa mtu makazi kwanza, kisha kumsaidia na mengine akiwa ndani, hosteli hiyo iligeuzwa kuwa vyumba 81 vya kujitegemea, kila mpangaji na mkataba wake na ufunguo wake. Nchi hiyo ilihesabu zaidi ya watu 16,000 wasio na makazi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2022 ilikuwa na wasiofikia 4,000. Kanada nayo ilipima njia hiyo kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu kama 2,000 wenye matatizo ya akili. Kufikia miezi sita ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa makazi kwanza walikuwa wamekaa ndani muda wote, dhidi ya asilimia 31 ya waliopata huduma za kawaida.

Utaniambia Nairobi si Helsinki, na ni kweli: hatuna serikali inayolipia kodi za watu. Hata hivyo sehemu ya somo hilo inasafiri vizuri. Chumba cha mabati Mukuru au Manzese hakihitaji bajeti ya Ufini, na vijana wanne waliotoka mtaani wakiwa na kibarua wanaweza kukilipia wenyewe wakishavuka miezi michache ya mwanzo. Kinachowazuia zaidi ni imani: mwenye nyumba hapangishi kwa mtu asiye na kitambulisho, asiye na mdhamini, mwenye kovu usoni. Kanisa lina wenye nyumba wengi katika viti vyake vya mbele. Mzee wa kanisa akisema "huyu namjua mimi, akishindwa kodi njooni kwangu", amefanya kile alichofanya Don Bosco alipotia saini, na gharama yake ni ndogo kuliko ya bweni jipya.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaoendesha vituo, nao wana utafiti mkononi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha matokeo kutoka nchi tano, zikiwemo Kenya na Tanzania. Waliwalinganisha watoto wa miaka 6 hadi 12, yatima au walioachwa, wanaolelewa katika taasisi na wale wanaolelewa majumbani, wakakuta kwamba wa taasisi hawakuwa na hali mbaya zaidi kiafya, kihisia wala kiakili. Utafiti huu nauheshimu, na wale wanaozungumza kana kwamba kila kituo ni jela wangefaa kuusoma. Lakini unapima afya na akili za mtoto akiwa bado ndani. Haumwulizi kijana wa miaka 18 anakwenda wapi geti likifungwa nyuma yake. Tena kwa watoto wachanga picha ni nyingine kabisa. Utafiti ulioanza mwaka 2000 jijini Bucharest, Romania, kwa watoto 136 waliokuwa katika taasisi, ulionyesha wazi kwamba waliohamishiwa kwenye familia za malezi, hasa mapema, walikua vizuri zaidi. Kenya imeshachagua upande: mkakati wake wa mwaka 2022 hadi 2032 unalenga kuhamisha malezi kutoka taasisi kwenda familia. Vituo vya makanisa havilazimiki kufa kwa sababu hiyo. Vinaweza kubaki mahali pa muda mfupi, pa kutulia na kupona gundi, huku safari ya nyumbani ikiandaliwa.

Kuna na lile lisemwalo sana kwenye magari na mitandaoni, kwamba kuwapa ni kuwazoesha, ukiwalisha wataongezeka. Lina chembe ya ukweli kuhusu sarafu za dirishani, hasa pale mtu mzima anapomtuma mtoto kuomba na kuzichukua yeye. Kama hoja ya jumla, haisimami. Hakuna mtoto anayechagua mtaro kwa sababu ya sahani moja ya Krismasi. Sababu tumeshaziona, na ziko nyumbani. Anayesema hivi kwa kawaida anatafuta ruhusa ya kufunga kioo. Chakula cha leo ni haki ya mwenye njaa wa leo, na pia ndiyo njia ya kumfikia: wafanyakazi wazuri wa mitaani hugawa uji au chai ili wapate sababu ya kukaa, kujua majina, kugundua nani mgeni wiki hii. Mgeni ndiye wa kuharakishia. Mtoto mwenye siku tatu mjini bado anakumbuka namba ya simu ya nyumbani na bado anamlilia mama yake. Akimaliza mwaka, kumrudisha ni kazi ya miezi. Pilau inayogawiwa mara moja kwa mwaka na watu wasiorudi haiwezi kumtambua mgeni.

Vipi kuhusu mahubiri? Wapo wanaoona aibu kumhubiria mtu anayesubiri sahani, na mimi ni mmoja wao. Mwenye njaa hana uhuru wa kukataa maombi. Lakini itakuwa unafiki kujifanya kwamba imani haina kazi hapa. Imani ndiyo inayowafanya watawa na wachungaji wabaki Korogocho au Buguruni wafadhili wakishaondoka, na kwa kijana aliyeambiwa miaka kumi kwamba yeye ni takataka, kuambiwa kwamba ni mtoto wa Mungu si jambo dogo. Utaratibu wa haki ni rahisi: chakula kisiwe na masharti, ibada iwe na mlango wazi pande zote mbili, na mtoto wa Kiislamu arudishwe kwa Waislamu wake akiwa bado Mwislamu. Yule Msamaria wa Injili, ambaye kila mhubiri humtaja katika harambee hizi, hakumwuliza majeruhi dini yake. Tena wahubiri wengi huishia kwenye mafuta na divai, wakasahau kwamba alimlipia nyumba ya wageni na kuahidi kwamba atapita tena kulipa kilichozidi. Aliweka mpango wa kurudi.

Serikali haiwezi kuachiwa ikajificha nyuma ya makanisa. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, shule na mahakama za watoto ni kazi yake, na njia yake ya zamani ya kuwakusanya watu kwa malori ya kanjo au mgambo kabla ya mkutano mkubwa haijatatua lolote, wanaachiwa, wanarudi. Imewahi kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2003 Kenya ilianzisha mfuko wa kuwarekebisha watu wa familia za mitaani, ikawapeleka mamia ya vijana wa Nairobi kupata mafunzo katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mwaka huo huo elimu ya msingi ikawa bure. Lakini hata kijana aliyehitimu useremala huko alihitaji, siku ya kutoka, mtu wa kumdhamini chumba na fundi wa kumpa kazi ya kwanza.

Makanisa nayo yana la kujibu. Kituo chenye geti, wafadhili wa mbali na kiongozi asiyehojiwa ni mahali pa hatari kwa mtoto, hata kiwe na msalaba mkubwa kiasi gani. Mjini New York, padri Bruce Ritter alianzisha Covenant House mwaka 1972 kwa ajili ya vijana waliotoroka nyumbani, ikawa mojawapo ya mashirika mashuhuri ya namna hiyo Marekani. Mwaka 1990 alijiuzulu baada ya kutuhumiwa uhusiano wa kingono na vijana waliopitia humo. Alikana. Shirika lilinusurika chini ya mtawa aliyemrithi, lakini somo lilibaki wazi kwamba sifa ya mtu mmoja haimlindi mtoto; wanaomlinda ni watu wengi wanaoingia na kutoka na kuuliza. Kuna pia hesabu isiyosemwa: mfadhili anayelipa kwa kila kichwa kilichomo bwenini anamfanya mwenye bweni asitamani kuona vichwa vikipungua. Anayetoa sadaka ana haki ya kuuliza wangapi wameondoka mwaka huu na wako wapi sasa, na asiridhike na idadi ya sahani.

Hayo yote hayadai makanisa yaanzishe chombo kipya. Jumuiya zipo, katekista yupo, mafundi na wenye nyumba wanakaa katika ibada ile ile. Kinachokosekana ni parokia ya mjini kuipigia simu parokia ya kijijini, na mtu mmoja kila upande mwenye daftari la majina. Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo na halisubiri sikukuu. Kama una karakana yenye nafasi ya mwanafunzi mmoja, chumba unachoweza kumdhamini mtu, au jumuiya inayokutana katika kijiji ambacho watoto wake wako mjini, mwambie katibu wa parokia au mchungaji wako wiki hii, na umwachie namba yako ya simu.